SALUNI YA CHAMA: JE, IONGEZE HUDUMA MPYA?



Chama cha msingi chenye mradi wa saluni, uwe wa kikundi cha akina mama au wa chama chenyewe, hakikosi kuletewa siku moja hoja ya kuongeza huduma. Aghalabu zinazotajwa ni mbili: kulainisha nywele kwa dawa, na kung'arisha ngozi. Zisijadiliwe kwa pamoja, maana hazina hukumu moja.

La ngozi halihitaji hesabu. Mkorogo mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini pia hupenya mwilini na kudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi, kinyume kabisa cha kile mteja alicholipia. Vipodozi vyenye vitu hivyo viwili vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Katibu akiletewa ombi hilo na alikatae, hata kama faida yake inaonekana nono. Huonekana nono kweli, na ndiyo hatari yake.

La nywele ndilo la kukalia kitako. Tuchukue saluni ya Litumbandyosi kwa mfano. Tarakimu ni za kufundishia tu. Beseni la kuoshea, pipa la maji na mashine ya kukaushia vigharimu Sh. 360,000. Mteja alipe Sh. 10,000. Katika hizo, dawa ichukue 3,000, taulo, glavu, maji na umeme 1,000, na mhudumu 3,000. Kinachobaki ni Sh. 3,000. Basi ni lazima wahudumiwe wateja 120 kabla vifaa havijarudisha fedha yake.

Hapa ndipo wengi hupotoka, kwa kuhesabu wateja wa wakati wa mavuno na kuzidisha kwa 12. Miezi 5 ya fedha ya mazao ikileta wateja 15 kila mwezi, hao ni 75. Miezi 7 iliyobaki ikileta 3 kila mwezi, hao ni 21. Jumla ni 96 kwa mwaka. Mkopo wa miezi 12, hata usipokuwa na riba, hautalipika kutokana na kazi hiyo, na pengo litazibwa na fedha ya kusuka au, vibaya zaidi, ya mazao ya wanachama. Kadhalika mkopo wenyewe usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu.

Maji nayo si jambo dogo. Baadhi ya dawa hizi zina kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Ikipitisha dakika zilizoandikwa kwenye chombo huunguza kichwa; mwenye vidonda asipakwe kabisa. Kwa hiyo pipa lijae kabla dawa haijafunguliwa, na mhudumu awe amejifunza kazi hii kwa fundi, siyo kwa kubahatisha juu ya vichwa vya wanachama.

Hoja ikifika mkutanoni, muhtasari uonyeshe tarakimu zote, idadi ya wateja walioulizwa, na nani atashika daftari la huduma hiyo, mbali na la kusuka, ili baada ya mavuno mawili ijulikane kama inajilipa au inabebwa.