Nyumba ya Hurumzi na mabibi zetu wa Maniema



Siku hizi picha za hoteli za Zanzibar zinafika hadi hapa Kalima katika simu za watoto wetu. Wasichana wanaonyeshana kitanda kikubwa chenye chandarua nyeupe, mlango mzito wenye nakshi, chakula kilichopangwa juu ya paa mbele ya bahari. Wanasema siku moja watalala pale. Kutamani si vibaya. Lakini moja kati ya nyumba hizo inatuhusu sisi wa Maniema, na watoto wetu hawajaambiwa.

Nyumba hiyo iko Mji Mkongwe wa Unguja, katika mtaa wa Hurumzi. Leo ni hoteli inayoitwa Emerson on Hurumzi. Vyumba vyake havifanani, kila kimoja kina mapambo yake. Mgeni analala juu ya samadari, kile kitanda cha zamani cha watu wakubwa wa pwani. Anaoga katika bafu kubwa la mawe. Mwanga unaingia kupitia vioo vya rangi. Jioni anapanda ngazi zenye mwinuko mkali hadi juu ya paa, anavua viatu, anakaa juu ya mito chini na kula vyakula vya pwani huku jua linazama baharini. Mgeni anayelipa dola zake hanunui kitanda peke yake. Kitanda kiko hata kwao. Ananunua Uswahili: harufu ya udi, pilau, nyimbo za taarabu, namna ya kukaa na ya kupokea wageni.

Sasa tuulize: nyumba hiyo ilikuwa ya nani?

Ilikuwa ya Tharia Topan, Mhindi aliyekuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Unguja katika karne ya 19. Alisimamia ushuru wa forodha wa Sultani, na alikopesha pesa na bidhaa kwa misafara iliyokwenda bara. Mmoja wa watu aliowakopesha ni Hamed bin Muhammed, yule ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa jina la Tippu Tip. Na Tippu Tip alikwenda wapi kutafuta mali ya kulipa deni hilo? Alikuja huku kwetu. Kasongo ilikuwa makao yake. Pembe za ndovu zilitoka Maniema, zikavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, zikapita Tabora, zikafika Bagamoyo na kuvushwa hadi Unguja. Kichwani zilibebwa na watu, na wengi wa watu hao hawakurudi.

Kwa hiyo mali iliyojenga nyumba kubwa za Unguja kwa sehemu ilitoka Lualaba. Kiswahili chetu pia kilikuja kwa njia hiyohiyo, pamoja na kilimo cha mpunga ambacho leo ni sifa ya Maniema. Njia moja ilileta na kuchukua.

Kuna siku moja ambayo kila mama wa soko angepaswa kuijua. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, wamama walikuwa wameleta bidhaa zao kama kawaida. Watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakaanza kupiga bunduki katikati ya soko. Wamama wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kupinduka, wengi wakazama. David Livingstone, Mwingereza aliyekuwa pale, aliona kwa macho yake na kuandika. Hesabu aliyopewa ilikuwa kati ya watu 300 na 400 waliokufa, na wengi walikuwa wanawake.

Maandishi yake yalifika London mwaka uliofuata, na watu wakashtuka. Serikali ya Uingereza ikamsukuma Sultani Barghash, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pale pakajengwa kanisa kuu la Anglikana, na leo wageni wa hoteli wanapelekwa kulitazama. Yako mambo mengi yaliyosababisha soko lile kufungwa, lakini kilio cha wamama wa Nyangwe ni mojawapo.

Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Sheria ya kuukomesha Zanzibar ilitoka 1897, na hata hiyo haikuwagusa masuria, yaani wanawake watumwa waliokaa na mabwana zao kama wake. Wao walingoja hadi 1909.

Hapa ndipo pananigusa zaidi. Tunafikiri utamaduni wa Zanzibar unaouzwa hotelini ulitoka kwa masultani na matajiri. Nyumba, ndiyo. Lakini mengi yanayoipa nyumba uhai yalifanywa na wanawake waliotoka utumwani. Wakati wa utumwa mwanamke alivaa kaniki, kitambaa cheusi kisicho na pambo. Alipopata uhuru aliitupa, akavaa kanga za rangi. Kanga ilikuwa njia ya kusema: mimi sasa ni mtu, najichagulia nguo. Kikwembe tunachovaa siku ya sikukuu kinasema neno la karibu na hilo.

Taarabu nayo ilikuwa muziki wa jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Aliyeishusha kwa watu ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Akaja kuimba kwa Kiswahili, juu ya mambo ya wanyonge na ya wanawake, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani. Aliishi Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, mahali walipokaa watu wa kawaida na walioachiliwa huru. Kati ya watu hao walikuwemo waliotoka kwetu, walioitwa Wamanyema. Hata leo Ujiji na Dar es Salaam wapo watu wanaoitwa hivyo.

Basi mgeni anapokaa juu ya paa la Hurumzi akisikiliza taarabu, anasikiliza kazi ya wanawake ambao mama zao waliuzwa karibu na pale. Si lazima aone haya kwa kula chakula chake. Lakini ni haki aambiwe. Na sisi ni haki tujue, ili binti yetu asiitazame picha ile kama kitu cha watu wengine.

Jambo hili halipo Zanzibar tu. Kambodia, kule Asia, wageni wanaokwenda kuona mahekalu ya Angkor wanalala katika hoteli za fahari zilizopambwa kwa namna ya Wakhmer, na jioni wanaonyeshwa ngoma ya zamani ya wasichana wa kifalme. Wakati wa utawala wa Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, wachezaji wengi wa ngoma hiyo walikufa. Wachache waliobaki hai, wengi wao wanawake wa makamo, waliwafundisha wasichana mkono kwa mkono, kidole kwa kidole. Bila wao hoteli zingekuwa na kuta tu.

Turudi Kalima. Hapa hatuna hoteli ya fahari. Tuna kasiteriti, na tunajua vizuri kitu kinachotoka ardhini kwetu kinavyokwenda mbali na kurudi na bei ya mtu mwingine. Utamaduni nao unaweza kwenda hivyo. Sanamu za pembe na vinyago vya bwami vya Walega viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, Tervuren kwa mfano, wakati serikali ya kikoloni ilipiga marufuku bwami yenyewe mwaka 1948. Ni watoto wangapi wa shule hapa wanajua kwamba katika bwami mwanaume hakuweza kufika daraja la juu la kindi bila mke wake kupandishwa pamoja naye, na kwamba mke huyo aliitwa kanyamwa? Heshima hiyo ya mwanamke ni yetu, na tunaisahau sisi wenyewe.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu, ambayo kikundi chochote cha wamama kinaweza kuyaanza bila msaada wa mtu.

La kwanza: tuwaulize wazee wangali hai. Kila mama mwenye mtoto anayejua kuandika amtume kwa bibi na daftari. Aandike jinsi ya kusuka kikapu, kufinyanga chungu, kupika sombe ya zamani, na jina la kila kitu kwa Kilega, Kizimba au lugha ya nyumbani.

La pili: tujifunze kupanga bei. Mara nyingi wageni wa kampuni au wa shirika wanapofika, wamama wanaitwa kupika na wanapewa kidogo kinachobaki. Kabla ya kukubali, tuandike kwenye karatasi: kuni, maji, mchele, mawese, samaki, usafiri. Halafu tuhesabu saa tulizofanya kazi, tangu kutwanga sombe hadi kuosha sahani ya mwisho, na kila saa tuipe bei. Jumla hiyo ndiyo bei ya chini. Chini ya hapo tunapoteza, hata kama tumeshukuriwa sana.

La tatu: kitu chetu kiende na jina letu. Zanzibar kipo kikundi cha taarabu cha wanawake watupu, Tausi, ambao wanapiga wenyewe hata ala zilizokuwa za wanaume. Anayewaalika anajua amealika nani. Kikapu kikiuzwa Kindu au Bukavu, kiwe na kipande cha karatasi kinachosema kimesukwa na nani, na wapi.

Katika mkutano wa juma lijalo, kila mama alete kitu kimoja alichofundishwa na mama yake, na aeleze kinafanywaje. Wasichana waje na madaftari. Tutaanza na mikeka.