Mwanao amechaguliwa chuo cha uuguzi? Anzeni na afya kabla ya tranka

Jina likitoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, nyumbani cha kwanza kuzungumzwa ni pesa, cha pili ni tranka. Magunia ya mahindi yanahesabiwa, mjomba anapigiwa simu, godoro linaanza kutafutwa Sumbawanga mjini. Fomu ya uchunguzi wa afya, ambayo imo humo humo kwenye maelekezo ya kujiunga, inabaki imekunjwa. Siku moja kabla ya safari ndipo mama anapokuja nayo kituoni mbio mbio, binti yuko nyuma yake, na tiketi ya basi la alfajiri imeshakatwa.

Kila mwaka chuo kinapokaribia kufunguliwa nawapokea akina mama wa namna hii, na wengi huondoka na nusu ya kile walichopaswa kupata. Makala hii ni kwa ajili yako mama, bibi, shangazi au mlezi yeyote ambaye kijana wake anakwenda kuripoti na kuingia kwenye wiki ya mafunzo elekezi. Nitasema "binti" mara nyingi, lakini wavulana nao wanasomea uuguzi na yote haya yanawahusu.

Fomu ya afya haijazwi kwa siku moja

Soma fomu yote siku ile ile mliyoipata. Kwa kawaida inataka kipimo cha wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, choo, macho, masikio, na mara nyingi picha ya kifua kwa eksirei ili kuangalia kifua kikuu. Mwishoni daktari anasaini na kugonga mhuri. Zahanati ya kijijini haina eksirei. Anayetoka Mtowisa bondeni au Kasanga ziwani atalazimika kusafiri hadi hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Sumbawanga, na huko anaweza kukuta foleni au kuambiwa arudi kesho kuchukua majibu. Hesabu siku tatu, pamoja na nauli na mahali pa kulala.

Usikubali kujaziwa "mzima" bila kupimwa, hata kama mtu anakufanyia wema. Yangu mwenyewe ilijazwa hivyo. Ilikuwa jioni, mhudumu alitufahamu, akaandika "mzima" kwenye mistari yote, na sisi tukashukuru. Wiki ya kwanza chuoni tulikuwa tumesimama mstarini asubuhi nikaanguka. Wenzangu wakasema huyu anaogopa damu, na wodi yenyewe sijaiona bado! Nilipopimwa, wingi wa damu ulikuwa 7.9. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka iwe 12 au zaidi. Nilikuwa natokwa na hedhi nyingi tangu kidato cha pili na nyumbani hakuna aliyejua, maana sikuwahi kumwambia mtu.

Muulize binti yako. Hedhi inayozidi siku saba, pedi inayolowa chapa chapa kila saa, kuchoka haraka akipanda mlima, kiganja kuwa cheupe: hizo ni dalili za kupimwa. Upungufu wa damu hautibiki kwa usiku mmoja. Vidonge vya madini ya chuma vinahitaji wiki kadhaa, ndiyo maana nasema kipimo hiki kifanyike mwanzo. Wakati huo mpe maharage, mboga za majani na dagaa wa Ziwa Tanganyika, na kitu kichachu kama limao au chungwa pembeni. Chai ingoje saa moja au zaidi baada ya kula, kwa sababu inazuia madini hayo yasiingie mwilini.

Kadi ya kliniki ya utotoni bado ina kazi

Fungua ule mfuko wa nailoni unaotunzia vyeti utafute kadi ya kliniki ya mwanao. Muuguzi mwanafunzi atashika sindano na damu za watu, na kirusi cha homa ya ini B kinaambukiza kwa damu kwa urahisi kuliko VVU. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002. Aliyezaliwa baada ya hapo na kupelekwa kliniki anaweza kuwa alipata dozi zake tatu akiwa mchanga, na kadi ndiyo ushahidi. Ipeleke kituoni, tutaisoma na kukwambia kama zilikamilika.

Kama kadi imepotea au ina mapengo, binti apimwe kwanza kuona kama tayari ana maambukizi, kisha aanze chanjo. Dozi ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita kutoka ile ya kwanza. Hapo unaona tatizo la kuja siku moja kabla ya basi. Anayeanza mapema ataondoka na dozi mbili mwilini, na ya tatu ataipata akiwa chuoni. Akichelewa dozi moja haanzi upya, anaendelea pale alipoishia, mradi karatasi ya chanjo anayo mkononi. Uliza bei mapema, kwa maana chanjo hii kwa mtu mzima mara nyingi inalipiwa.

Na akikutwa na maambukizi? Hapa nimeona familia zikivurugika bure. Kipimo kimoja si mwisho. Daktari atafanya vingine kuona hali ya ini, na wengi hawahitaji dawa mara moja, wanafuatiliwa kila baada ya miezi kadhaa. Haambukizi kwa kula sahani moja wala kwa kukumbatiana. Chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, lakini inawasaidia ndugu zake anaoishi nao, kwa hiyo nao waje kupimwa, na wewe mama pia, maana mara nyingi kirusi hiki hupita wakati wa kujifungua. Mwombe daktari maelezo ya maandishi, mzazi aende nayo chuoni na kuzungumza na uongozi ana kwa ana. Anayekuuzia chupa ya kusafisha ini kwa pesa ya ada anakuibia.

Kuhusu VVU, sheria ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na majibu ni siri yake. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kuridhia mwenyewe. Namshauri kila anayeingia fani hii apime ili ajijue, lakini mama usisimame mlangoni kudai majibu.

Kutoka baridi ya Ufipa kwenda kwenye mbu

Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inawapunguza mbu. Kijana aliyekulia mjini hapa au Matai huenda ameugua malaria mara chache sana, na mwili wake haujajenga kinga ya kuizoea. Ukimpeleka chuo kilicho Kigoma, Tabora, Morogoro au Dar es Salaam, malaria inaweza kumshika vibaya kuliko wenzake waliozaliwa huko. Chandarua chenye dawa kiingie kwenye tranka kabla ya kioo na mafuta ya nywele. Akipata homa apimwe ndani ya saa 24. Asinywe vidonge vilivyobaki vya rafiki yake, na asiseme "ni uchovu wa safari tu".

Anayepanda kuja huku kutoka bondeni au ziwani ana shida ya upande wa pili. Baridi na vumbi la kiangazi huamsha pumu. Tena kuna jiko la mkaa. Wanafunzi wanaopanga chumba mtaani huingiza jiko ndani usiku, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, inaua mtu usingizini. Nunua blanketi zito la pili, na mwambie waziwazi kwamba jiko halilali ndani, hata likionekana limezimika.

Ugonjwa wa muda mrefu uandikwe

Kila mwaka kuna mama anayeninong'oneza: "Sista, tusiandike kifafa, watamrudisha." Naelewa hofu hiyo. Lakini fikiria bwenini: binti anameza dawa kwa kujificha, siku nyingine anaruka dozi kwa sababu wenzake wapo, halafu analala saa nne tu kwa ajili ya mtihani. Kuruka dawa na kukosa usingizi ndivyo vinavyoita degedege. Litakuja mbele ya watu ambao hakuna aliyewaambia kwamba wamlaze ubavu, wasimshike kwa nguvu na wasimtie kijiko mdomoni.

Iwe kifafa, pumu, selimundu au kisukari, andikeni. Achukue dawa za mwezi mzima au zaidi, barua ya rufaa kwenda kliniki iliyo karibu na chuo, na nakala ya faili lake. Amchague mtu mmoja bwenini wa kumweleza.

Bima ya afya ishughulikieni katika siku hizo hizo za usajili. Kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi NHIF umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, lakini fuata kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo yenu. Kama tayari ana kadi kupitia mzazi mwajiriwa, aende nayo, asilipe mara mbili.

Kama binti ana mtoto mchanga

Wapo, na hakuna haja ya kuinamisha uso. Amezaa, amerudi, amefaulu, sasa amechaguliwa. Mtoto anabaki na bibi.

Kama mtoto hajatimiza miezi sita, fikirieni kwanza kupanga chumba karibu na chuo na kwenda na msaidizi, au kuulizia nafasi ya muhula mwingine, kabla ya kumwachisha ziwa. Kama ameshapita miezi sita na lazima abaki, msimkatishe ziwa siku ya safari, wala msipake shubiri au pilipili. Punguzeni nyonyesho moja kila baada ya siku chache, kwa wiki tatu au nne, huku bibi akizoea kulisha. Uji wa ulezi wa Ufipa ni mzuri, lakini peke yake hautoshi. Uwekewe karanga zilizosagwa au maziwa, na mtoto ale pia maharage yaliyopondwa, yai, dagaa na mboga. Kadi ya mtoto ibaki kwa bibi, na tarehe za kliniki na chanjo bibi azijue kwa kichwa.

Mama mtu, matiti yakijaa chuoni akamue kidogo tu kupunguza maumivu. Homa na uwekundu kwenye titi ni sababu ya kwenda hospitali. Na kabla hajaondoka apite kwetu kwa uzazi wa mpango. Sindano, kipandikizi, kitanzi, atachagua mwenyewe.

Malipo, kwa kifupi

Hakikisheni chuo kimesajiliwa NACTVET. Lipeni kwa njia iliyoandikwa kwenye maelekezo ya kujiunga tu. Vyuo vya serikali hutoa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Anayetaka ada itumwe kwenye simu yake binafsi "ashike nafasi" ni tapeli, na huwa wanaibuka msimu huu huu wa mahindi kuuzwa. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inatoa mikopo kwa baadhi ya kozi za diploma, za afya zikiwemo. Vifaa kama stetoskopu na mashine ya presha msinunue kwa kubahatisha, soma kwanza kilichoagizwa. Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde inafaa kwa vyovyote, ndiyo atakayohesabia mapigo ya moyo. Viatu viwe vyeusi, vya kisigino kifupi, visivyoteleza, na avivae nyumbani wiki mbili vimzoee.

Mazungumzo ya jioni ya mwisho

Wiki ya mafunzo elekezi yenyewe haina vitisho. Watasajiliwa, watasomewa sheria za chuo na za bweni, watapimwa sare, watafundishwa kunawa mikono kitaalamu, jambo ambalo kila mmoja anadhani analijua. Wodini wanaingia baadaye.

Lakini wodi inakuja, na kuna jambo moja nataka alisikie kwako kabla ya kulisikia darasani. Akijichoma sindano iliyotumika, asinyamaze. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kugombezwa. Anawe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue kidonda, asimwagie dawa ya madoa, kisha amwambie msimamizi wa wodi saa ile ile. Dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa kuanza haraka, ikiwezekana ndani ya saa mbili, na mwisho ni saa 72. Humezwa siku 28. Mwambie hivi: "Ukijichoma, wa kwanza mwambie msimamizi, wa pili nipigie mimi, hata kama ni usiku wa manane, na sitakugombeza."

Halafu pigeni picha za fomu ya afya, karatasi ya chanjo na kadi ya kliniki, zibaki kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Zile zenyewe azibebe kwenye begi la mkononi, si kwenye tranka linalowekwa chini ya basi.