Je, Wajua? Mistari Iliyopinda Ndiyo ya Kweli

Ndege ya kivita ya Uingereza, Spitfire, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, ilikuwa na mabawa ya mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Katika mfano wake mdogo wa kuunda, wa kipimo cha 1:72, mabawa hayo ni sentimita 15.6 tu, yanatosha kiganjani.

Udogo huo hubadilisha hata rangi. Mfano mdogo ni kama ndege inayotazamwa kwa mbali, na kitu cha mbali huonekana kimefifia, kwa hiyo mafundi wengi wa mifano huchanganya nyeupe kidogo kwenye rangi halisi, kisha huipaka kwa tabaka jembamba, maana rangi nzito hufunika mistari ya maungio ya bati.

Lakini linalonivutia zaidi ni mistari myeusi na myeupe ya Juni 1944. Ilipakwa kwenye ndege za Washirika kabla tu ya majeshi yao kutua Normandy, Ufaransa, ili wapiga mizinga wasizitungue ndege za upande wao. Muda ulikuwa mfupi, na mingi ilipakwa kwa brashi za mkono. Kwenye ndege kama Spitfire, kila mstari ulikuwa na upana wa sentimita 46 hivi, yaani milimita 6 na ushei kwenye mfano. Ukiinyoosha mno kwa rula, umeipotosha historia.