Gari la Zamani Lishindane na Nani?

Mwaka 1953 mbio za Safari zilianza kwa jina la East African Coronation Safari, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida tu ya dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei. Gari la bei nafuu lilishindana na la bei nafuu, la tajiri na la tajiri mwenzake. Usicheke. Kama gari ni jipya na halijaguswa na fundi, bei inakupa picha nzuri ya uwezo wake.

Sasa chukua gari hilohilo leo. Huenda linauzwa ghali kwa sababu tu wenzake wameisha, na bei hiyo haisemi lolote kuhusu mwendo wake. Basi wanaoandaa mbio za magari ya kihistoria watumie kipimo gani?

Wanaanza na mwaka. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, hugawa magari haya kwa herufi. A ni ya kabla ya 1905, B ni 1905 hadi 1918, C inafika 1930, D 1946, E 1961, F 1965, G 1971, na kuendelea. Umeona vipindi havilingani? E ina miaka 15, F ina minne tu. Mipaka mingi imewekwa pale mambo yalipobadilika. Mwaka 1966, kwa mfano, Formula 1 ilitoka injini za lita 1.5 ikaruhusu za lita 3. Gari la 1965 na la 1966 wamepishana mwaka mmoja, lakini kuwaweka mstari mmoja ni kumpambanisha mtoto na baba yake.

Ndani ya kipindi kimoja magari hugawanywa tena kwa ujazo wa injini. Hapa fizikia ni rahisi: mafuta hayaungui bila hewa, na ukubwa wa silinda ndio unaoamua injini itavuta hewa kiasi gani kila inapozunguka. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Turbo inakuja kuvuruga hesabu hii kwa kuishindilia hewa ndani, hivyo injini ndogo inakula kama kubwa. Dawa yake ilikuwa kuzidisha ujazo kwa 1.4. Porsche walipounda 911 ya turbo ya mwaka 1974, waliipa injini ya cc 2142. Namba ya ajabu, siyo? Zidisha kwa 1.4 upate 2998.8, chini kidogo tu ya kikomo cha cc 3000. Gari hilo lilimaliza la pili Le Mans mwaka huohuo.

Lakini mwaka na ujazo navyo havitoshi. Maserati 250F iliyompa Fangio ubingwa wa 1957 na Cooper iliyompa Brabham ubingwa wa 1959 zote zina injini ya lita 2.5, na zote ni za kipindi E. Ila injini ya Maserati iko mbele na gia ziko nyuma, uzito umekaa ncha mbili. Cooper imeweka injini nyuma ya dereva, karibu na katikati ya gari, na haina haja ya propela shafti ndefu kupita chini yake. Hebu kaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, ujizungushe mikono ikiwa imenyooshwa, kisha ikunje kifuani. Ulivyoharakisha ghafla ndivyo Cooper inavyogeuka kwenye kona. Ndiyo maana katika mbio za kihistoria za Monaco, magari ya injini ya mbele ya kabla ya 1961 yamekuwa yakipewa mbio zao wenyewe.

Kuna na ujanja wa gereji, ambao mimi naona ndio mgumu kuliko yote. Tuseme gari la 1964 limefungwa vipuri vya 1967. Mwaka wa kiwandani haulisaidii tena: linahesabiwa kwa kipindi cha vipuri vyake, likakutane huko na magari yenye nguvu zaidi. Kila gari huwa na pasipoti yake ya kiufundi yenye picha na vipimo, kuanzia kabureta hadi breki. Mkaguzi huishika mkononi, akainama chini ya gari, na kulinganisha kipande kwa kipande kabla halijaruhusiwa kuingia barabarani.