Bia nyeusi husafiri, rubisi hufia nyumbani



Ukiingia katika baa yoyote ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, pale barabara ya Kigoma inapoungana na ile iendayo Kahama, utaona vinywaji vya namna mbili. Juu ya rafu zimepangwa chupa, na miongoni mwake ni zile za bia nyeusi, kali na chungu, ambazo wengine huziita dawa. Chupa hizo zimesafirishwa kwa lori mamia ya kilomita. Nyuma ya baa, chini ya mwembe, ipo ndoo ya rubisi iliyotoka kijiji cha jirani asubuhi ile ile. Wiki ijayo chupa itakuwa vile vile. Ndoo hiyo kesho kutwa itakuwa imechacha.

Juma hili tujiulize: kwa nini kimoja husafiri na kingine hufia nyumbani? Jibu lake si dogo, maana ndani yake mna ada ya shule, mna chumvi na sabuni za watu wengi wa Biharamulo na Ngara.

Tuanze na hiyo bia nyeusi. Weusi wake si rangi ya kupaka. Unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, kama tukaangavyo kahawa. Ukali wake nao una historia. Mwaka 1801 kiwanda cha Guinness cha Dublin, nchini Ireland, kiliandika kanuni ya bia ya kupelekwa visiwa vya Karibi. Safari ilikuwa ya majuma mengi baharini, tena kuelekea nchi za joto, na joto ndilo rafiki mkubwa wa vijidudu vinavyochachusha pombe. Basi watengenezaji waliongeza kilevi, wakaongeza na hopsi, yale maua machungu yanayotiwa katika bia. Vitu hivyo viwili huwazuia vijidudu wasistawi. Kwa hiyo ukali ule haukuwa mbwembwe. Ulikuwa nauli ya safari. Hata leo bia ya ukoo huo, katika nchi nyingi, hufikia asilimia 7 na nusu ya kilevi, wakati bia ya kawaida huwa karibu na 5.

Baadaye bia hiyo ilihamia huku huku kwenye joto. Mwaka 1962 Guinness walifungua kiwanda Ikeja, Lagos, nchini Nigeria. Mwaka 1988 Nigeria ilipopiga marufuku kuingiza shayiri kutoka nje, viwanda vya bia vya huko viligeukia mtama na mahindi. Bia haikufa. Watu waliendelea kunywa, na mkulima wa mtama akapata soko.

Sasa tugeukie Ngara. Huko mtama umo ndani ya pombe tangu enzi za mababu. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa, zikafukiwa shimoni ndani ya majani ya mgomba kwa siku kadhaa mpaka ziive. Kisha hutiwa katika mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, zikakandwa kwa mikono au kwa miguu mpaka zitoe maji matamu. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji mengine, halafu hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Mtama ndio huipa pombe rangi ya hudhurungi na ule ukali wa ulimini. Ikifunikwa kwa majani siku moja au mbili, rubisi iko tayari. Ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, wanaiita urwagwa.

Msomaji atakuwa ameona kwamba nafaka ya kukaanga ipo huku na ipo kule. Hata ufundi upo. Kinachokosekana ni nauli. Rubisi haina hopsi, kilevi chake ni kidogo, na haikupashwa moto ili kuua vijidudu. Uchachu haukomi, huendelea mpaka pombe inageuka siki.

Hapo ndipo penye hasara. Chukulia mama aliyepika madumu matano siku ya gulio, kisha mvua ikanyesha na wanywaji wasije. Jioni mnunuzi mmoja anajitokeza na kutaja bei ya kutupa. Mama atakataaje, naye anajua kesho mali yake haitakuwa mali? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri kisichoweza kulala hakimsubiri mnunuzi mwema. Nayo iliyochacha mara nyingine huishia katika mtambo wa gongo, kinywaji ambacho sheria inakikataza na ambacho kimepofusha na kuua watu.

Je, dawa ipo? Ipo, tena si mpya. Katika miaka ya 1860 mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, alionyesha kwamba kupasha kinywaji moto kwa kiasi, bila kukichemsha, huua vijidudu na kukifanya kidumu. Huko Arusha kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza pombe ya ndizi na kuitia katika chupa tangu miaka ya 1990. Basi ndizi kuingia chupani si ndoto.

Kinachotakiwa Ngara na Biharamulo ni wapikaji kujiunga katika vikundi, kutumia maji yaliyochemshwa na vyombo safi, na kupata mashine ndogo za kupashia na kufungia chupa. SIDO, shirika letu la viwanda vidogo, liliundwa mwaka 1973 kwa kazi za namna hiyo. Shirika la Viwango nalo lipo la kupima. Halmashauri zinazotoza ushuru wa pombe gulioni zingeweza kurudisha sehemu yake kwa hao wanaoulipa.

Hatusemi watu wanywe zaidi. Pombe si chai, na anayeiacha hapungukiwi kitu. Tunasema hivi: maadamu pombe inapikwa na inauzwa, jasho la mpikaji lisimwagwe pamoja na masimbi. Waliovuka bahari na bia yao walianza kwa kuuliza itadumu vipi. Nasi tuulize hilo hilo.

Hadi juma lijalo, kwaheri.