Taa Nyekundu Kwenye Kisanduku cha Faiba

Kwenye kisanduku cha faiba kinachopigiliwa ukutani sebuleni kuna taa ndogo iliyoandikwa LOS. Mambo yakiwa mazuri, taa hiyo huwa imezima. Ikianza kupepesa nyekundu, maana yake ni moja: mwanga uliokuwa unasafiri ndani ya uzi wa kioo kutoka kwa mtoa huduma haufiki tena nyumbani. Kuanzia dakika hiyo, aliyelipia megabiti 20 kwa sekunde na aliyelipia megabiti 100 wako sawa, wote wana sifuri. Yanabaki maswali ambayo tangazo la mauzo halikuyagusa: nani atapokea simu, fundi atafika lini, na siku zitakazopita bila mtandao zitakuwa hasara ya nani. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba faiba ya nyumbani ni huduma ya matengenezo kabla ya kuwa huduma ya kasi, na kwamba watu wa kata kama Idodi, walio mbali na karakana ya kila kampuni, wanapaswa kuipima hivyo kabla hawajatoa hata shilingi moja.

Idodi iko magharibi ya mji wa Iringa, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukitoka mjini unapita Kalenga na Kidamali mpaka Mlowa, ambako njia inagawanyika: mkono mmoja ni ule mnyoofu ambao watalii wameubatiza barabara isiyoisha, mwingine unashuka Idodi, Mapogoro na Tungamalenga. Ni nchi ya mpunga wa kumwagilia, mifugo, kambi za wageni na tembo wanaotoka hifadhini usiku. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na kufikia kilometa 8,319 mwaka 2021, unaipita Iringa mjini ukielekea Makambako, Mbeya na Tunduma. Shirika la TTCL linalouendesha Mkongo huo linauza huduma ya majumbani iitwayo Faiba Mlangoni Kwako, na makampuni binafsi yanauza za kwao. Kwa hiyo mto mkubwa umeshapita jirani. Kinachozungumzwa ni mifereji. Na haja ya mifereji hiyo si anasa ya kutazama mpira. Mwalimu mkuu anaingiza hesabu za shule kwenye mfumo wa FFARS, kituo cha afya kinaandikisha wagonjwa kwenye GoTHOMIS, kijana aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa elimu ya juu mtandaoni, na kambi ya wageni inathibitisha nafasi kwa mteja aliyeko Ulaya. Kila mmoja wa hawa akikatikiwa, kazi inasimama mchana kweupe.

Ili kuelewa kwa nini matengenezo ndiyo roho ya jambo, ni lazima kuutazama uzi wenyewe. Uzi wa faiba ni kioo chembamba kama unywele, na mwanga husafiri ndani yake takriban kilometa 200,000 kwa sekunde, yaani kutoka Iringa mjini hadi Idodi ni chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Uzi mmoja ukitoka kwa mtoa huduma hugawanywa njiani kwa kifaa kisichohitaji umeme, ukahudumia nyumba 32 au hata 64. Hii ndiyo sababu mtaa mzima hukatikiwa kwa pamoja, na ndiyo sababu moja ya kasi kupungua saa mbili usiku, wakati kila nyumba iko mtandaoni. Uzi ukikatika, huwezi kuufunga kama waya wa umeme. Fundi anaanza kwa kupima kwa mashine inayorusha mwanga na kusoma unapogonga na kurudi. Mashine humwambia kwamba kioo kimekatika umbali wa mita kadhaa kutoka hapo aliposimama. Anakwenda huko, anavua ganda la plastiki, anapangusa uzi kwa spiriti mpaka uwe safi kabisa, anaukata ncha iwe bapa, kisha analaza ncha mbili ndani ya mashine nyingine inayozilinganisha na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme hadi ziwe kitu kimoja. Punje ya vumbi inatosha kuharibu kiungo. Kazi yenyewe kwa fundi aliyezoea ni ya dakika chache kwa kila uzi. Kinachokula muda ni kumpata fundi huyo na mashine yake. Mwanga unafika Idodi kabla hujapepesa jicho, lakini fundi anakuja kwa gari, na gari linataka mafuta, dereva, ruhusa ya ofisini na barabara inayopitika wakati wa masika.

Hapo ndipo yanapozaliwa malalamiko yanayofanana ya wateja wa faiba, uwe Dar es Salaam, Nairobi au Mbeya. Siku ya kuunganishiwa huduma ni ya furaha: mafundi wamekuja wawili, wamevuta waya kutoka kwenye nguzo, wamepima kasi mbele ya mwenye nyumba, kila kitu kinaruka. Miezi inapita vizuri. Kisha waya unakatwa na greda la barabara, au panya anatafuna ganda, au moto wa kuandaa mashamba unalamba nguzo. Mteja anapiga namba ya huduma kwa wateja, anaambiwa azime kisanduku na kukiwasha. Anapewa namba ya kumbukumbu. Kesho anapiga tena, anayepokea ni mwingine, anaanza maelezo upya. Kinachomuudhi mteja si kukatika kwenyewe, kwa maana kila mtu anajua waya hukatika. Kinachomuudhi ni kutojua. Angeambiwa ukweli kwamba fundi atakuja Alhamisi, angenunua bando la simu la kumfikisha Alhamisi.

Halafu kuna fedha. Hapa tuna mfano wetu wenyewe unaoeleweka kwa kila nyumba yenye umeme. Ukinunua umeme wa LUKU wa shilingi 10,000 na umeme ukakatika siku tatu, uniti zako zinakusubiri kwenye mita; umeme ukirudi, unaendelea ulipoishia. Faiba ya nyumbani huuzwa kwa mwezi na hulipiwa kabla, na saa inatembea hata taa nyekundu ikiwaka. Mteja aliyekatikiwa siku sita katika kifurushi cha siku 30 amepoteza sehemu moja ya tano ya fedha yake, na mara nyingi hurudishiwa tu akidai, akisisitiza, akamkuta mhudumu mwelewa. Mpangilio huu una ubaya mkubwa kuliko hasara ya shilingi zenyewe: unamwondolea mtoa huduma sababu ya kuharakisha. Mapato yake ya mwezi ni yale yale, fundi aende leo au wiki ijayo. Na kati ya kumpeleka fundi mtaa wenye wateja 200 karibu na ofisi na kumpeleka kijiji chenye wateja 12 mwisho wa barabara ya vumbi, kila meneja mwenye akili timamu anajua ataanzia wapi. Hahitaji kuwa na roho mbaya. Hesabu yenyewe inampeleka huko.

Watoa huduma wana jibu, nalo ni la haki kwa kiasi chake. Wanasema kukatika kwingi si kosa lao. Mkandarasi wa barabara hakuuliza waya umepita wapi. Tembo hasomi kibao. Na kuna mambo yaliyo nje kabisa ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na mtandao ukayumba Tanzania nzima. Hakuna fundi wa Iringa ambaye angefanya lolote. Lakini kosa ni la nani na hasara ni ya nani ni maswali mawili tofauti. Anayeuza huduma ndiye mwenye mikataba na wamiliki wa nyaya, ndiye anayeweza kumdai mkandarasi fidia, ndiye anayeweza kununua njia ya pili ya akiba. Mteja hana hata kimoja kati ya hivyo. Kumwachia yeye hasara ni kumbebesha mzigo mtu pekee asiye na bega la kuubeba. Na hata katika ajali kubwa ya Mei 2024, kulikuwa na jambo moja lililokuwa mikononi mwa kila kampuni: kumwambia mteja kinachoendelea, mapema na kwa lugha anayoielewa.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Ukilazimisha fidia, watasema, gharama itapanda, na vijiji ndivyo vitakavyosahauliwa kwanza. Uingereza ilikabiliana na swali hili. Tangu Aprili 2019 watoa huduma wakubwa waliojiunga na utaratibu uliosimamiwa na mdhibiti wao, Ofcom, huwalipa wateja bila kuombwa pale mtandao au simu ya nyumbani inapokatika na kutorejeshwa baada ya siku mbili za kazi. Walianza na pauni 8 kwa kila siku ya ziada. Tanzania si Uingereza, na kiwango kama hicho kingeiua kampuni changa. Lakini sidai pauni 8. Ninachosema ni cha chini kuliko hicho: siku ambayo mwanga haukufika isihesabiwe. Mtambo wa kampuni wenyewe unajua ni saa ngapi kisanduku cha nyumba fulani kilipoteza mwanga na ni saa ngapi kiliupata tena. Kuongeza siku hizo mwishoni mwa kifurushi ni kazi ya kompyuta, wala haihitaji mteja kupiga simu. Kampuni ambayo kitendo hicho kitaifilisi, basi ilikuwa inaishi kwa siku za bure za wateja wake.

Wako watakaosema soko litajirekebisha lenyewe, mteja akichoka atahama. Kwenye simu hilo ni kweli kwa sehemu, ndiyo maana mtu ana laini tatu. Kwenye faiba, mwenye nguzo kijijini atakuwa mmoja kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna mtu wa pili atakayesimamisha nguzo kando ya zile zile kwa ajili ya wateja 12. Na hata wakija wawili, huenda wote wananunua mwanga kutoka Mkongo ule ule, ukikatika wanazima pamoja. Wengine wanauliza faiba ya nini, minara inatosha. Ni kweli minara imesaidia sana. Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na kwa familia inayotumia simu moja hiyo ndiyo njia. Ila shule yenye kompyuta 20 haiwezi kuishi kwa bando, na mnara wenyewe hulishwa kutoka kwenye uzi wa kioo mahali fulani. Uzi ukikatika huko nyuma, vidoti vya simu vinaonekana lakini hakuna kinachofunguka. Setilaiti nayo ina kikomo: Starlink ilianza Kenya Julai 2023, na kufikia Novemba 2024 ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi kwa kuwa uwezo wake hapo ulikuwa umejaa.

Kuhusu kipimo, tusikubali asilimia peke yake. Huduma inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda inasikika vizuri, na kwa mwezi wa saa 720 inamaanisha kukatika saa 7 na dakika 12. Asilimia 95 ni saa 36. Lakini wastani wa kampuni nzima huwachanganya kwenye chungu kimoja mteja wa Kinondoni aliyekatikiwa dakika kumi na yule wa kijijini aliyekaa siku tisa, na kinachotoka ni namba nzuri isiyomhusu yeyote kati yao. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imezoea kupima ubora wa huduma za simu kwa maeneo na kutangaza matokeo. Faiba ya majumbani nayo inastahili namba yake, muda wa kurejesha huduma, wilaya kwa wilaya, ili mtu wa Iringa Vijijini ajue yake. Mteja ana wajibu wake pia: kuandika tarehe na saa taa ilipogeuka nyekundu, kutunza namba ya kumbukumbu, kuanza kwa mtoa huduma mwenyewe, kisha kwenda TCRA au kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano akipuuzwa. Lalamiko lenye tarehe huwa gumu kulitupa kapuni.

Vijiji vyetu vimeshajifunza somo hili kwenye maji. Kisima kilichochimbwa kwa sherehe na kukaa miaka na pampu mbovu ni kitu ambacho hakihitaji kuelezwa kwa mtu wa kijijini. Sheria ya maji ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliweka pia vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vinavyokusanya fedha na kusimamia mradi pale pale ulipo, kwa kuwa pampu hairekebishiki kwa barua kutoka mkoani. Faiba inaweza kuendeshwa kwa akili hiyo hiyo. Kijana wa Idodi aliyesoma umeme VETA Iringa anaweza kufundishwa kuunganisha uzi; si elimu ya miaka mingi. Akiwa na pikipiki, mashine ya kupimia, mashine ya kuunganishia na bunda la waya wa akiba, atazihudumia Idodi, Mapogoro na Tungamalenga kabla gari la mjini halijafika Kidamali. Kampuni imlipe kwa kila kiungo. Na wakati wa kulidai hili ni pale mtoa huduma anapokuja kuomba nafasi ya kusimamisha nguzo zake kwenye ardhi ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iko chini ya halmashauri ya kijiji. Siku hiyo mwenyekiti ana kitu ambacho kampuni inakihitaji. Badala ya kuulizia tu kifurushi cha bure kwa ofisi ya kijiji, aombe iandikwe kwenye makubaliano mashine ya kuunganishia uzi italala kijiji gani, na nani atakuwa na ufunguo.