Koti la Askari Asiye Askari

Julai ni mwezi wa makoti Kapolowe. Baridi ya kiangazi huteremka usiku juu ya nyanda za Katanga, na asubuhi basi la kutoka Lubumbashi linapopunguza mwendo, wauza samaki hulikimbilia wakiwa wamejifunika chochote walichookota kwenye mitumba. Yupo wa jaketi la theluji, yupo wa koti la kike lenye manyoya shingoni. Na mara kwa mara yupo aliyevaa koti zito la jeshi la Ujerumani, rangi ya majani yaliyopauka, lenye kibendera cheusi, chekundu na cha dhahabu juu ya mkono.

Kibendera hicho hakimshtui mtu. Abiria anapokea kambale wake wa ziwa Tshangalele kupitia dirishani, anadai chenji, basi linaondoka kuelekea Likasi. Mvishe muuzaji huyohuyo koti la mabakamabaka lililochakaa vilevile, na kondakta atamtazama mara mbili kabla ya kumwita.

Je, raia ana ruhusa ya kuvaa koti la jeshi la zamani juu ya suruali ya jinzi na raba? London ilijibu swali hilo kwa muziki. Katika miaka ya 1960 duka moja la Portobello Road, lililojiita I Was Lord Kitchener's Valet, liliwauzia vijana makoti mekundu ya askari wa enzi za Malkia Victoria. Jimi Hendrix alipanda jukwaani na koti la wapanda farasi wa vita, kifua kizima kimejaa kamba za dhahabu. Mwaka 1967 The Beatles walitokea kwenye jalada la albamu ya Sgt. Pepper wamevaa sare za kung'aa za jeshi lisilokuwepo popote. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1894 inayolinda sare za jeshi, lakini nani angemdhania Hendrix kuwa yuko njiani kwenda vitani?

Katanga haina raha hiyo. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba jimbo limejitenga na Kongo, na jeshi lake likajulikana kama jandarmeri. Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba, jandarmeri hiyo ilizingira kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo. Waireland hao, wapatao 155 chini ya Pat Quinlan, walipigana hadi risasi na maji vikawaishia, ndipo wakajisalimisha. Wenzao waliotumwa kuwaokoa walikwama kwenye daraja la mto Lufira, katika barabara hiihii wanayopita leo wanunuzi wa samaki.

Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Koti la jandarme lingeweza basi kutundikwa ukutani, likawa kumbukumbu. Halikutundikwa. Wengi wa askari hao walivuka kwenda Angola, na mwaka 1977 wakarudi na silaha. Mwaka 1978 walirudi tena, wakauteka mji wa Kolwezi. Mwaka 1997 baadhi yao, pamoja na watoto wao, walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyomng'oa rais Mobutu. Halafu tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga, kundi lililotaka Katanga ijitenge, waliingia katikati ya Lubumbashi na bendera ya Tshombe mikononi, nusu karne baada ya nchi aliyoitangaza kufutwa.

Kwa hiyo mzee wa Likasi akikunja uso mbele ya kijana aliyevaa koti la mabakamabaka, usiseme hajui mitindo. Kijana anaona filamu ya mwaka 2016 juu ya mapigano ya Jadotville. Mzee anahesabu mara ambazo koti hilo limeitwa la zamani, kisha likarudi likiwa na mtu ndani yake.

Hata hivyo Waswahili waliwahi kulivaa koti la vita bila kumtisha jirani. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa tarumbeta, gwaride na vyeo: kulikuwa na kingi, jenerali, hata daktari. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 ilifuata njia za askari na wapagazi hadi migodi ya Katanga na ya Rhodesia Kaskazini, ikaitwa mbeni. Sare ilitiwa chumvi kwa makusudi, kwa ukanda mpana kupita kiasi na nishani nyingi kuliko vita vyenyewe, hata mtazamaji akajua palepale kwamba hii ni ngoma.

Wakubwa wa kikoloni hawakucheka. Baada ya mgomo wa migodi wa mwaka 1935 upande wa Rhodesia, tume ya uchunguzi iliwahoji watu juu ya chama cha Mbeni. Ngoma ya kalela iliyofuata, ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliandika juu yake mwaka 1956, iliachana na sare: wachezaji walivaa suruali zilizonyooshwa kwa pasi na viatu vinavyong'aa.

Serikali za leo nazo hazichekicheki. Uganda iliingiza bereti nyekundu, alama ya wafuasi wa mwanasiasa Bobi Wine, katika orodha ya mavazi ya jeshi mwezi Septemba 2019. Nchini Tanzania, Agosti 2023, jeshi la nchi hiyo, JWTZ, liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Amri kama hizo haziulizi koti lina umri gani. Zinauliza kama linaweza kudhaniwa kuwa la askari aliye kazini, na kwenye kizuizi cha barabarani swali hilo hujibiwa na mtu mwenye bunduki.

Kipimo cha Kapolowe kinakaribiana na swali hilo. Koti la Hendrix lingepita. Watu wangelipigia vigelegele. La Mjerumani linapita, kwa kuwa jeshi la Ujerumani halijawahi kupigana Lufira. La mabaka halipiti, hata kama lilishonwa kabla mvaaji hajazaliwa.

Hata hivyo, kwa kukumbuka kizuizi, muuza mitumba mwangalifu hubeba wembe mdogo. Hukata uzi wa kibendera mmoja mmoja bila kutoboa kitambaa, hung'oa vifungo vyenye nembo, hushona vya plastiki. Pale kibendera kilipokuwa panabaki mstatili wa kijani kibichi, rangi ya koti siku lilipotoka kiwandani. Huchukua kiangazi kimoja au viwili vya jua la Katanga kupauka kama sehemu nyingine.